Usukani wa Kiroboto

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa mama, ambaye magoti yamemrudia na lawama zote anaitupia hali ya hewa. Anakusalimu sana. Anasema kwenye picha uliyotuma mwaka mpya umekonda mno. Nimemwambia picha umepigwa kwa ubavuni, na kila mtu akipigwa picha ubavuni anakonda, lakini unamjua dada yako. Picha ameiweka kabatini kwenye glasi na kila mgeni anaonyeshwa huo wembamba wako.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia mama ananinyang'anya, mnaanza habari za presha na magoti, na salio linakata kabla mimi na wewe hatujafika kwenye kutu ya gari lako. Barua hawezi kuninyang'anya. Anaweza kuifungua tu.

Haya, sasa habari yenyewe. Nimemtoa Kiroboto bandani! Mama alikuwa amemgeuza kamba ya kuanikia, mashuka mbele na mataulo nyuma. Tulimsukuma mpaka gereji kwangu, na njia nzima watu walitoka kumwangalia. Wengine walikuwa hawajui kabisa kwamba nyuma ya nyumba yetu kuna gari la viti viwili, halina paa, jekundu, tena fupi kiasi kwamba mbwa akisimama pembeni mnatazamana macho kwa macho.

Nimempima mwili mzima kwa nyundo ndogo, kama ulivyonifundisha. Nagonga, nasikiliza. Chuma kizima kinajibu ting. Kilichooza kinasema pu, kama debe la mchanga. Mjomba, upande wa dereva ulisema pu kuanzia mbele hadi nyuma, na kwenye sakafu nyundo iliingia yote nikaona kiatu changu. Yale mazulia uliyomwekea kwa mapenzi yamekuwa yakinywa maji ya mvua miaka yote hii na kuyatunza kama benki. Vizingiti vya milango vyote viwili vimekwisha. Chini ya betri ndiyo usiseme. Lakini usihuzunike. Bado ana mifupa, na mimi sijawahi kushindwa na kutu.

Umesema mwezi wa nane unamaliza kazi huko na kurudi jumla. Tangu niko darasa la kwanza umekuwa ukisema siku ya kurudi utashuka stesheni, utaingia kwenye Kiroboto na kumwendesha mwenyewe hadi nyumbani. Basi jiandae, kwa sababu mimi nimeshajiandaa.

Jambo moja naomba ruhusa. Ule usukani ni adhabu. Kuligeuza gari likiwa limesimama ni kama kufungua koki ambayo haijafunguliwa tangu nyumba ijengwe. Nimepata mota ya umeme ya kusaidia usukani, ya kigari kidogo kilichogongwa nyuma. Inaingia chini ya dashibodi, mahali pa ile redio yako ambayo haijawahi kuimba. Hakuna atakayeiona. Nifunge?

Ni mimi mpwa wako,
Mashoto

(Mkono ni uleule wa kushoto. Wateja wapya bado wananiuliza kama huu mwingine nimeumia.)


27 Februari

Kwa Mashoto, fundi wa mafundi,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Mwambie dada yangu kwamba sijakonda, nimepungua uzito wa upuuzi. Na hayo magoti ayapeleke hospitali, hali ya hewa haina kosa.

Huku baridi bado imekaza. Habari njema ni kwamba kazini wamenipandisha. Sipandi tena foklifti kunyanyua mizigo. Sasa nakaa dirishani, natunza funguo za maghala, na wale waliokuwa wakinipigia honi niwapishe sasa wanakuja kuniomba kwa adabu. Nina kiti chenye mgongo. Nina birika langu mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri. Kiroboto hana paa. Gari lenye paa limeshikwa juu na chini, lakini yeye ameshikwa na vile vizingiti peke yake. Ukivikata kabla hujayaziba matundu ya milango kwa vyuma vya kushikilia, atakunja mgongo katikati, na milango haitafunga tena hata ukiipiga teke. Nimeona mafundi wenye majina makubwa wakiua magari hivyo. Kwa hiyo USIKATE kwanza. Usiguse grenda. Nisubiri nikuandikie taratibu zote.

Na usukani usiuguse. Usukani mzito unaongea na dereva. Unakuambia hapa pana mchanga, hapa tairi limeanza kuchoka. Ukiulainisha unakuwa unaendesha sofa. Nilimwendesha Kiroboto hivyo alivyo nikiwa kijana, na hivyo alivyo abaki.

Ni mimi Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Hongera kwa cheo! Nimemsomea mama, akauliza kama hilo birika lina mfuniko. Tumefurahi. Magoti yamepelekwa hospitali na yamepewa dawa ya kupaka, na sasa nyumba nzima inanuka kama chumba cha wachezaji mpira.

Barua yako ya USIKATE ilinikuta nimekaa juu ya kizingiti cha kulia nakunywa chai. Kizingiti kilikuwa chini sakafuni. Gari lilikuwa pale pembeni.

Vuta pumzi. Umeshavuta? Kabla ya kukata chochote nilichomelea bomba za mraba katika kila tundu la mlango, moja juu, moja chini na moja mshazari. Nikampandisha kwenye stendi, nikamsawazisha kwa pima maji. Nikakata upande mmoja tu, nikajenga, nikamaliza, ndipo nikahamia wa pili. Nani alinifundisha mimi? Ni wewe uliyenikalisha juu ya ndoo ukaniambia gari la wazi ni kama boksi la viatu lililopoteza mfuniko, ukibonyeza katikati linakunjika. Nilikuwa sijang'oa meno ya utoto. Wewe umesahau, mimi sijasahau.

Leo asubuhi nimezikata zile bomba. Nakiri nilishika moyo. Kisha nikafunga mlango wa dereva kwa kidole kimoja. Ukasema tak. Nikafungua nikafunga tena, tak, mpaka jirani yangu wa spea akaja kuniuliza kama nimepata mtoto.

Sakafu nayo mpya, bamba nene kuliko la mwanzo, na kila kona ya ndani imepulizwa nta ili maji yakija yateleze. Mazulia nimeyatupa. Usiniulize nimeyatupa wapi.

Sasa usukani. Mjomba, kwa heshima zote, hiyo habari ya sofa sikubali. Wewe ulipokuwa unaendesha ulikuwa kijana wa kubeba magunia kwa kujionyesha. Leo una miaka sitini na ushee. Sisemi umezeeka! Nasema usukani haujazeeka pamoja na wewe. Nipe sababu yenye kichwa na miguu na nitanyamaza.

Halafu kalamu yako ina nini? Barua nzima imepakwa wino, maneno yamekokotwa kwenda kulia kama yametembelewa na mkono wa sweta. Mama anasema siku hizi unaandika huku unakula.

Mpwa wako mtundu,
Mashoto


12 Aprili

Mashoto,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima.

Kazi ya vizingiti umeifanya kama inavyotakiwa. Nimewaonyesha wenzangu barua yako. Mmoja aliyewahi kuwa fundi bodi alisema wewe si wa kuchezewa.

Kuna jambo nimeliamua. Daktari mmoja wa meno, mtu wa hapo kwenu mjini, anakusanya magari ya zamani. Tumewasiliana. Atapita kumwangalia Kiroboto, umpokee vizuri. Yeye anataka kila kitu kiwe cha asili, ndiyo sababu nakuambia usukani uuache. Mimi nikirudi nitakuwa mtu wa kupumzika, gari la nini. Bora achukuliwe na mtu atakayemtunza, tena akiwa mzuri, kuliko arudi kuwa kamba ya mashuka.

Kalamu nimebadilisha.

Mjomba


3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mimi sijambo yangu ni nusu.

Daktari wa meno amekuja. Alivaa soksi nyeupe kuja gereji, ndiyo uone. Alimzunguka Kiroboto mikono nyuma, akainama akachungulia chini, akanyanyuka na kusema vizingiti vimefanywa vizuri, utadhani alikuwa ananipa ruhusa ya kupumua. Kisha akakaa kwenye kiti chako. Akashika usukani wako. Akautikisa kushoto kulia akisema, "Mzito, safi kabisa, mzito wa asili." Nikamwambia gari haliuzwi. Akasema mwenye gari ameshamwahidi. Nikamwambia mwenye gari ana homa. Aliondoka kwa adabu, soksi zikiwa na alama ya grisi ambayo sikumwambia.

Nilikukasirikia, Mjomba. Nasema wazi, nilikukasirikia hadi nikakosa usingizi. Miaka yote ni stesheni, stesheni, nitashuka niingie kwenye gari langu. Halafu unaniandikia "gari la nini", kama mtu anayekataa kipande cha pili cha keki.

Nikazitoa barua zako zote na kuzitandaza juu ya boneti nizisome upya, nitafute nilikukosea wapi. Badala ya maneno nikawa naangalia wino. Nikauangalia sana. Halafu nikageuza kiganja changu cha kushoto.

Mimi nimekua na doa la wino hapa ubavuni mwa kiganja, chini ya kidole kidogo. Madaftari yangu yote ya shule yalikuwa hivyohivyo, maneno yamekokotwa kwenda kulia, kwa sababu anayeandika kwa kushoto mkono wake unapita juu ya kile alichotoka kuandika. Mwalimu alikuwa akinichapa kwa uchafu. Wewe ndiye uliyekuja shuleni na sare ya kazi, ukasimama mlangoni ukamwambia, "Mwache mtoto, huo ndio mkono wake." Huo wino naujua kuliko ninavyoijua sura yangu.

Unaandika kwa kushoto. Wewe ambaye hata kikombe ulikuwa hukipokei kwa kushoto.

Nilipomaliza hapo, mengine yakaja yenyewe yamepanga foleni. Picha ya ubavuni, mkono wa kulia hauonekani. Foklifti, umeipenda maisha yako yote, ghafla unaachia ukae na funguo na unaniambia ni cheo. Na usukani. Hukunikataza kwa sababu unaongea na dereva. Ulinikataza kwa sababu ulishaamua kwamba dereva si wewe.

Mjomba, nini kimekupata? Sitakulilia. Tayari nimeshalia, imekwisha, na nimenawa uso. Mama sijamwambia. Nataka unijibu kifundi: mkono unashika nini? Kijiko? Kikombe? Unanyanyuka mpaka wapi? Kwa sababu ukiniambia, mimi nitajua la kufanya. Kutu niliyoikuta kwenye hilo gari ilikuwa inaniangalia usoni, sikuogopa. Kinachonishinda ni kile kilichopakwa rangi juu.

Mpwa wako,
Mashoto


4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umeisha na hujajibu. Kimya chako nimekisikia, ni kirefu, lakini sijakipa kazi ya kuniamulia. Mama anauliza barua iko wapi, namwambia posta wana mambo yao.

Nakupa taarifa. Mota ya usukani nimeifunga.

Ukitaka kugomba, gomba, lakini soma kwanza. Shafti ya usukani sikuichomelea, maana shafti ya usukani haichomelewi na mtu anayependa ndugu zake. Nimempelekea fundi wa kukereza, akachonga kiungo cha meno kinachoingia pande zote mbili na kufungwa kwa bolti. Braketi nimeitengeneza mwenyewe, imeshika kwenye kuta za chuma kipya. Usukani wenyewe ni uleule wa mbao wenye alama ya pete yako. Ukikaa, huoni tofauti. Ukiugusa ndipo unaiona.

Na kuhusu sofa: mota inasaidia sana gari likitembea polepole, na kadiri mwendo unavyoongezeka inajiondoa. Barabarani usukani unakuwa na uzito wake na unaongea kama kawaida. Mimi nimeusikia ukiongea. Umeniambia tairi la mbele kulia lina kasoro, na kweli nilikuta msumari.

Sasa sikiliza nilivyoujaribu, maana hapa ndipo nilipokuwa na akili kuliko nilivyodhani. Gia ziko kushoto. Kwa hiyo kila ukibadilisha gia, mkono wa kushoto unaondoka na usukani unabaki na wa kulia peke yake. Kwa usukani wa zamani mkono dhaifu usingeweza, nakubali, na wewe ulijua hilo kabla yangu. Ndipo nikawaza, nani atamjaribu kwa mkono dhaifu wa kulia? Mimi hapa! Wa kwangu wa kulia ni mjinga wa kuzaliwa. Hauwezi kukata mkate, hauwezi kupiga mswaki. Nikaufunga kitambaa uwe mjinga zaidi. Nikaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala la mbao, nikazunguka, nikarudi nyuma, nikaegesha kati ya mapipa, kila gia ikiingia naacha usukani kwa vidole viwili vya huyo mjinga. Aliushika. Aliushika asubuhi yote bila kulalamika.

Kitu cha mwisho. Foklifti zenu zina kile kirungu kidogo kwenye usukani, dereva anazungushia kwa mkono wa kushoto wakati wa kulia uko kwenye vyuma vya kunyanyulia. Nimekifunga kimoja kwa Kiroboto, cha kutoa na kuweka. Umezungusha kirungu hicho kwa kushoto maisha yako yote ya kazi. Mjomba, mkono wako wa kushoto una uzoefu kuliko madereva wote wa mji huu, na wewe umekaa dirishani unauonea huruma.

Rangi ya mwisho inapigwa Jumatatu. Nyekundu ileile.

Nilipokuwa mdogo kila mtu alitaka kunibadilisha mkono, bibi, mwalimu, hata mama alinifunga kitambaa. Wewe uliwaambia waninyamazie. Uliniwekea nyundo mkononi, huu wa kushoto, ukasema, "Gonga." Haya na mimi nakuambia.

Mashoto


1 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ya Mei niliiweka mfukoni mwa koti nikawa natembea nayo. Kila nikikaa kuijibu naona aibu, nainuka. Nilikuwa napiga chenga karatasi.

Ni kiharusi. Kilinipata mwishoni mwa mwaka, kidogo, asubuhi navaa viatu. Uso ulirudi, mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu. Sikutaka muanze kukusanyika na kusali juu ya picha yangu.

Nakujibu kifundi kama ulivyotaka. Kijiko nashika. Kikombe nashika kikiwa hakijajaa. Vifungo vya shati bado tunagombana. Kunyanyua, mpaka usawa wa kifua, zaidi ya hapo unagoma.

Kuhusu usukani umesema kweli na imenichoma. Nilikuwa nimeshajiona nashuka stesheni, wewe umekuja na gari langu, na mimi naenda kukaa upande wa abiria kama mzigo, watu wanatazama. Nikaona bora liuzwe. Nikatafuta mtu anayetaka usukani mzito ili nipate cha kusingizia. Ndiyo hivyo, hakuna zaidi. Niliogopa, Mashoto. Sijui kama umewahi kuniona nimeogopa, mimi mwenyewe sikuwa nimewahi, na sikujua inavyofanyika.

Barua yako ya Juni niliisoma dirishani kwenye funguo. Nilipofika kwenye huyo mjinga wako wa kulia aliyefungwa kitambaa nilicheka mpaka mtu aliyekuja kuchukua ufunguo akaondoka bila ufunguo. Kisha, usimwambie mtu, nikalia kidogo.

Jioni baada ya kazi nikamwomba rafiki yangu anipe foklifti uwanjani, bila mzigo. Nikashika kirungu. Mpwa wangu, mkono huu wa kushoto haukuuliza swali hata moja! Nilizungusha kushoto, nikazungusha kulia, nikarudi nyuma hadi nikaugusa mpira wa kinga ukutani taratibu kama busu. Tangu hapo kila jioni ni mimi na hiyo mashine. Nikampelekea daktari wangu habari, akaguna, akanipima mikono na macho kwa mashine zake, akanipeleka kwa mtu wa kunijaribu barabarani. Jibu ni kwamba naruhusiwa kuendesha, usukani uwe mwepesi. Nimemwambia hilo limeshashughulikiwa.

Sasa amri. Daktari wa meno mwambie abaki na meno, nami nitamwandikia kumwomba radhi. Dada yangu usimwambie, nitamweleza mwenyewe uso kwa uso. Treni yangu inaingia tarehe tisa Agosti, asubuhi. Usitume teksi, usilete watu, usinibebee begi. Lete gari. Ukifika mbele ya stesheni, zima, shuka, zunguka uende upande wa pili, ukae, ufunge mkanda na unyamaze.

Barua hii nimeiandika yote kwa kushoto na wino umepakaa, nauacha hivyohivyo.

Ni mimi Mjomba wako,
Mashoto wa pili


18 Julai

Mashoto wa pili,

Shikamoo, na karibu kwenye chama. Masharti yake ni machache: mikasi yote itakukataa, na kila mtu atakuuliza kama umeumia. Wewe angalau una jibu.

Nimelia na kucheka nikaharibu barua yako, machozi yangu juu ya wino wako. Nakujibu haraka ili ikukute kabla hujaondoka.

La kwanza, dada yako anajua. Nilimkuta amekaa na ile picha ya kabatini mapajani, nikajaribu kupita, akaniita. Akasema, "Ndugu yangu hajawahi kupigwa picha ubavuni tangu azaliwe, anapenda sura yake mno. Mkono wake wa kulia una nini?" Amelijua tangu mwaka mpya! Miezi yote hii habari za wembamba zilikuwa danganya toto. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alisema alikuwa anakupa nafasi ya kusema mwenyewe. Kwa hiyo ukimweleza, shtuka pamoja naye. Anafanya mazoezi ya kushtuka.

La pili, daktari wa meno amekubali yaishe. Ila ana gari la pili nyumbani, vizingiti vimekwisha, na amesema hataki mtu mwingine aguse. Nimemwambia atavua soksi.

La tatu, Kiroboto yuko tayari. Amepakwa nta, anang'aa, milango inasema tak. Kila jioni namzungusha mtaa mmoja ili betri isilale, na watoto wanakimbia nyuma.

La mwisho ni kiti. Wewe una miguu mirefu na mimi nilipewa ya mama, kwa hiyo muda wote huu wa kujaribu nilikuwa nimekivuta kiti mbele kabisa. Leo nimelala chini, nimezifungua nati, nimekirudisha nyuma mpaka kwenye alama zako za zamani, nikazikaza kwa nguvu zangu zote za kushoto. Sasa sizifikii pedali. Stesheni nitakuja na mito miwili ya mama mgongoni, nimekaa ukingoni kama kuku, anayetaka kucheka acheke.

Nikishuka, nashuka na mito, kiti kinabaki chako.

Mpwa wako,
Mashoto